Kihispania cha Kitabibu kwa Wauguzi Waswahili: Maswali Kuhusu Kuzungumzia Pombe na Ujauzito

Maswali haya yamekusanywa kwa ajili ya wauguzi, wakunga, wasaidizi wa wagonjwa na wahudumu wa afya ya jamii wanaozungumza Kiswahili na wanaofanya kazi Marekani, ambako ni nadra siku kupita bila kumpokea mama mjamzito anayezungumza Kihispania. Mimi nafanya kazi katika wodi ya wazazi jimboni Texas, na mengi ya maswali haya nimeulizwa na wenzangu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo waliokuwa wanaanza kazi. Mengine nilijiuliza mwenyewe nikiwa nimesimama pembeni ya kitanda cha mgonjwa, sina jibu.

Kwa nini suala la pombe litengewe masomo yake, wakati Kihispania cha kitabibu ni kipana?

Kwa sababu hapa kosa dogo la neno linaweza kugeuka taarifa ya uongo katika faili la mgonjwa, na taarifa hiyo itamfuata mama na mtoto wake kwa miaka. Katika miezi yangu ya mwanzo nilimuuliza mama mmoja wa Kimeksiko, mwenye ujauzito wa wiki 20 hivi, swali nililokuwa nimelikariri nyumbani: “¿Usted toma?” Nilikusudia kumuuliza kama anakunywa pombe. Alinijibu bila kusita, “Sí, todos los días, en la mañana”, yaani ndiyo, kila siku, asubuhi. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kompyuta ili nichague “kila siku” alipofungua mkoba wake, akatoa kichupa cha vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki, na kunionyesha kwamba vilikuwa vimebaki vichache. Alikuwa akinijibu kuhusu dawa.

Kitenzi “tomar” kinabeba maana ya kuchukua, kumeza dawa, kunywa kinywaji chochote, na katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini kikisimama peke yake humaanisha kunywa pombe. Mswahili hana sababu ya kushangaa, kwa kuwa nasi tunasema “fulani anakunywa” tukimaanisha ulevi, na papo hapo tunasema “amekunywa dawa”. Swali salama linataja kitu chenyewe: “¿Toma usted bebidas alcohólicas, como cerveza, vino o tequila?” Je, unakunywa vinywaji vyenye pombe, kama bia, mvinyo au tekila? Tangu siku ile sijauliza tena kwa neno moja.

Sijui Kihispania hata kidogo. Je, Kiswahili kinanisaidia kwa lolote?

Kinasaidia sana, kuliko wengi wetu tunavyodhani. Irabu za Kihispania ni zetu zile zile tano, na kila moja ina sauti moja tu, haibadiliki kama zinavyobadilika irabu za Kiingereza. Mkazo wa maneno mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kwetu: em-ba-ra-SA-da, mjamzito, be-BI-da, kinywaji. Herufi “ñ” ni “ny” ya nyama, hivyo “niño”, mtoto, hutamkwa “ninyo”. Herufi “j”, na “g” inapofuatwa na “e” au “i”, inakaribia ile “kh” ya wazee wa pwani wanaosema “kheri”, kwa hiyo “hijo”, mwana, ni kama “ikho”, kwani “h” yenyewe haitamkwi kabisa.

Mitego ipo pia. Herufi “z” ya Kihispania kwa kawaida haina sauti ya “z” yetu. Kwa watu wa Amerika ya Kilatini ni “s”, na ndiyo maana nimeandika “sa” katika “embarazada” hapo juu. Neno “alcohol” hukazwa silabi ya mwisho, “al-ko-OL”, na “hígado”, ini, hukazwa mwanzoni. Wale ambao lugha zao za nyumbani hazitofautishi “r” na “l” watahitaji mazoezi ya ziada, kwa sababu Kihispania kina “r” fupi, “rr” ndefu na “l”, na zote tatu hubadilisha maana.

Upatanisho wa kisarufi, unaowatesa wanafunzi wengi waliotoka katika Kiingereza, hautakutisha. Mtu aliyekua akisema “kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri, miti mizuri” hawezi kuelemewa na lugha yenye jinsia mbili tu za nomino. Utasema “la bebida alcohólica”, kinywaji chenye pombe, na “el trago fuerte”, kinywaji kikali, na sikio lako litataka upatanisho lenyewe. Hata msamiati haukosi ndugu: meza yetu na “mesa” yao, mvinyo wetu, uliotujia kwa Wareno, na “vino” yao, sukari yetu na “azúcar” yao, zote mbili kutoka Kiarabu.

Nimuulize vipi mama ili asijione anashtakiwa?

Anza kwa kumwambia kwamba swali si lake peke yake: “Les hago estas preguntas a todas mis pacientes”, maswali haya nawauliza wagonjwa wangu wote. Kisha uliza kuhusu wakati uliopita kabla ya kuuliza kuhusu sasa. Sentensi ambayo imenifaa kuliko nyingine ni hii: “Antes de saber que estaba embarazada, ¿cuántas cervezas, copas de vino o tragos tomaba en una semana?” Kabla hujajua kwamba una ujauzito, ulikuwa ukinywa bia, glasi za mvinyo au vinywaji vikali vingapi kwa wiki? Mama hujibu swali hili kwa urahisi zaidi, kwa sababu linahusu maisha yake ya kawaida, wakati ambapo hakuwa na kosa lolote. Baada ya hapo ndipo uulize: “¿Y ahora, desde que lo sabe?” Na sasa, tangu ulipojua?

Tumia “usted”, yaani “wewe” ya heshima, daima, hata kwa binti wa miaka 18, mpaka yeye mwenyewe akuonyeshe vinginevyo. Anayelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini. Utawasikia Wasalvador na Wahondurasi wakisemezana kwa “vos”, ambayo ni “wewe” ya waliozoeana. Lielewe neno hilo, lakini usilitumie na mgonjwa. Kwa mwanamke aliyekuzidi umri, “doña” ikifuatiwa na jina lake la kwanza ni heshima nzuri.

Epuka “¿Usted no toma, verdad?”, yaani “Wewe hunywi, siyo?” Nimewasikia wenzangu wakiuliza hivyo kwa nia njema, wakidhani wanampa mama heshima, kumbe wanamfungia mlango: aliyekunywa ataona aibu kusema ndiyo mbele ya mtu ambaye tayari amemtangazia jibu analolitarajia.

Amesema hatumii “alcohol”, kisha akataja bia. Amenidanganya?

Huenda hakukudanganya. Kwa watu wengi neno “alcohol” huleta picha ya pombe kali, au ya ile spiriti ya kusafishia vidonda, na bia haimo. Hata kwetu utamsikia mtu akisema, “Mimi pombe situmii, nakunywa bia tu.” Kwa hiyo taja vinywaji kwa majina yake, na majina hayo hutofautiana kwa nchi. Wameksiko watakuambia “chela” kwa bia, na watataja “michelada”, ambayo ni bia iliyochanganywa na ndimu na viungo. “Pulque”, inayotengenezwa kwa utomvu uliochacha wa mmea wa maguey. Na “rompope”, yenye mayai, maziwa na pombe kali, ambayo wengi huiona kama kitamutamu cha sikukuu. Katika Amerika ya Kati utasikia “guaro”, Kolombia na Guatemala “aguardiente”, na milimani Peru au Bolivia “chicha” ya mahindi.

Pulque inahitaji uangalifu wa pekee. Wako wanaoiona kuwa chakula chenye lishe, na wako wanaoamini kwamba humwongezea mama maziwa, kama vile huku kwetu mtu anavyoweza kumshauri mjamzito anywe bia nyeusi “iongeze damu”, au kama mbege ya Uchagani inavyohesabiwa na wengi kuwa chakula na kinywaji kwa pamoja. Ukimwambia mama kwamba pulque ni uchafu, umemtukania bibi yake. Mwambie tu kwamba ndani yake mna pombe na kwamba inamfikia mtoto: “El pulque también tiene alcohol, y ese alcohol le llega al bebé.”

Baada ya jina uliza kipimo. Kinywaji kimoja cha kawaida kwa hesabu ya Marekani kina gramu 14 za pombe halisi, ambazo hupatikana katika mililita 355 za bia ya asilimia 5, mililita 148 za mvinyo wa asilimia 12, au mililita 44 za pombe kali ya asilimia 40. Sasa mama akikuambia alikunywa “una caguama nada más”, caguama moja tu, ujue kwamba hiyo ni chupa kubwa ya mililita 940, na hesabu yake inakaribia vinywaji viwili na nusu. Jibu la “de vez en cuando”, mara moja moja, nalo lifuatilie kwa upole: “¿Cuántas veces al mes, más o menos?” Mara ngapi kwa mwezi, kwa kukadiria?

Nimweleze vipi hatari yenyewe kwa Kihispania rahisi?

Fuata njia ya pombe mwilini, hatua kwa hatua, huku mkono wako ukionyesha. “Lo que usted toma pasa a su sangre, y de su sangre pasa al bebé por la placenta y el cordón umbilical.” Unachokunywa huingia katika damu yako, na kutoka katika damu yako humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma na kitovu. “El hígado del bebé todavía no está maduro.” Ini la mtoto bado halijakomaa. “El cerebro se forma durante todo el embarazo.” Ubongo hujengeka kwa kipindi chote cha ujauzito. Sentensi hizi fupi zimebeba sehemu kubwa ya sayansi ambayo mama anahitaji kuijua, naye anaweza kumsimulia mumewe jioni bila kupoteza kitu.

Jina la kitaalamu ni “trastornos del espectro alcohólico fetal”, ambalo linajumuisha madhara yote ambayo mtoto anaweza kuyapata kwa kufikiwa na pombe tumboni, na kati ya hayo aina inayotambulika kwa alama za wazi zaidi ni “síndrome alcohólico fetal”. Mtoto mwenye hali hiyo anaweza kuwa na mfereji bapa kati ya pua na mdomo, mdomo wa juu mwembamba, uwazi mfupi wa macho, na ukuaji hafifu. Lakini watoto wengi walioathirika hawana alama usoni. Wana shida za kujifunza, kukumbuka, kutulia na kuzuia hasira, na shule huwaita wakorofi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa katika jamii nne za Marekani, ulikadiria kwamba kati ya mtoto 1 na watoto 5 katika kila watoto 100 wa darasa la kwanza wana madhara ya aina hii. Pombe pia huongeza hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa mfu.

Ufahamu huu si wa kale sana. Daktari Paul Lemoine wa mji wa Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 mwaka 1968, na mwaka 1973 madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle ndio walioipa hali hiyo jina linalotumika mpaka leo. Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani aliwashauri wajawazito wasinywe pombe mwaka 1981, na tangu mwaka 1989 chupa za pombe nchini humo zina maandishi ya kuonya. Maandishi hayo ni madogo, na ni ya Kiingereza. Mama wa jimbo la Oaxaca, Meksiko, asiyesoma Kiingereza ameishika chupa hiyo mara nyingi bila kuambiwa chochote nayo, na wewe huenda ukawa mtu wa kwanza kumwambia.

Mama yake alikunywa mvinyo kidogo na yeye alizaliwa mzima. Nimjibu nini?

Usibishane na mama yake. Ukweli ni kwamba si kila mtoto aliyefikiwa na pombe huathirika, na hakuna anayeweza kutabiri nani ataathirika, kwa sababu kiasi, wakati wa ujauzito, lishe ya mama na jinsi mwili wake unavyoshughulikia pombe vyote vina mchango. Sema: “Qué bueno que usted nació sana. Cada embarazo es distinto, y no podemos saber de antemano a qué bebé le hará daño.” Ni jambo jema kwamba ulizaliwa mzima, kila ujauzito ni tofauti, nasi hatuwezi kujua mapema ni mtoto yupi atadhurika.

Kisha toa msimamo wa mamlaka za afya pasipo kuupunguza: “No se conoce ninguna cantidad de alcohol que sea segura durante el embarazo.” Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama wakati wa ujauzito, hakuna mwezi ulio salama, na mvinyo mwekundu hauna upendeleo. Akiuliza kuhusu “cerveza sin alcohol”, mwambie kwamba bia inayouzwa Marekani kwa jina hilo inaweza bado kuwa na pombe isiyofikia asilimia 0.5, hivyo asome lebo.

Alikunywa kabla hajajua kwamba ana mimba, na sasa analia. Kuna maneno gani?

Kwanza nyamaza kidogo umpe kitambaa. Kisha sema polepole: “Usted no sabía.” Hukujua. “Lo que más ayuda al bebé es lo que haga de hoy en adelante.” Kitakachomsaidia mtoto zaidi ni utakachofanya kuanzia leo. “Nunca es tarde para dejar de tomar.” Kuacha hakuchelewi kamwe. Maneno haya si ya kumbembeleza tu, kwa sababu ubongo wa mtoto unaendelea kujengeka hadi mwisho wa ujauzito, na kila wiki isiyo na pombe ina faida yake. Usimwambie kwamba mtoto hatakuwa na tatizo lolote, hilo hulijui. Sentensi ya “hukujua” ndiyo ninayotaka kila mwanafunzi wangu aitamke bila kusoma popote, huku akimtazama mama machoni.

Namwambiaje anayekunywa kila siku? Si aache leo leo?

Hapa simama, na tafadhali soma jibu hili mara mbili. Mtu ambaye mwili wake umezoea pombe nyingi kila siku anaweza kupata degedege akiacha ghafla bila uangalizi, na hilo ni hatari kwake na kwa mtoto. Mwambie: “No deje de tomar de golpe usted sola, puede ser peligroso. Queremos ayudarla aquí.” Usiache ghafla ukiwa peke yako, inaweza kuwa hatari, tunataka kukusaidia hapa. Muulize kama akikaa bila kunywa hupata “temblores”, kutetemeka, “sudores”, kutokwa jasho, au “convulsiones”, degedege, na umwite daktari kabla mama hajatoka chumbani. Neno la kitaalamu ni “síndrome de abstinencia”, lakini usilitumie peke yake kwa mgonjwa, kwani “abstinencia” kwa wengi ni kujizuia na tendo la ndoa.

Kwa msaada wa baadaye, ipo simu ya bure ya serikali ya Marekani, saa 24, inayopokelewa kwa Kiingereza na Kihispania: 1-800-662-4357. Iandike kwenye karatasi kwa mkono wako, umkabidhi.

Ni maneno gani yanayoponza zaidi?

La kwanza ni “intoxicada”. Kwa sikio la Kiingereza linasikika kama kulewa, ilhali kwa wazungumzaji wengi wa Kihispania humaanisha kudhuriwa na chakula au kitu kingine kibaya kilichoingia mwilini. Mwaka 1980, jimboni Florida, familia yenye asili ya Kuba ilitumia neno la aina hiyo kumweleza kijana wa miaka 18 aliyeletwa hospitali akiwa hajitambui. Madaktari walielewa kwamba alikuwa amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu hivyo, kumbe alikuwa anavuja damu ubongoni, na alipata ulemavu wa miguu na mikono yote miwili. Mama mjamzito akikuambia “me siento intoxicada”, muulize alikula nini kabla ya kuuliza alikunywa nini. Kulewa ni “borracha” au, kwa lugha ya upole zaidi, “tomada”.

La pili ni “aborto”, linalotumika kwa mimba iliyotoka yenyewe na kwa mimba iliyotolewa pia. Kiswahili hutenganisha mambo hayo kwa kitenzi, kutoka na kutoa, lakini Kihispania huhitaji nyongeza. Unapouliza historia ya ujauzito sema “aborto espontáneo” kwa ile iliyoharibika yenyewe, la sivyo mama anaweza kudhani unamtuhumu.

“Aliviarse” kwa kawaida ni kupata nafuu, ila kwa Wameksiko wengi ni kujifungua pia, na mtu akikuambia dada yake “ya se alivió” huenda ana maana kwamba mtoto amezaliwa. “Pisto” ni pombe kwa watu wa kaskazini mwa Meksiko, na ni fedha kwa Waguatemala na Wahondurasi. Uchovu wa baada ya kulewa ni “cruda” Meksiko, “goma” Amerika ya Kati, “guayabo” Kolombia na “chuchaqui” Ekuado. Na hakikisha unatamka “ny” katika “¿Cuántos años tiene?”, una miaka mingapi, kwa sababu “ano” bila alama yake juu ni njia ya haja kubwa.

Nimwite mkalimani lini? Je, mumewe au binti yake hawezi kutafsiri?

Mwite mara tu mazungumzo yanapotoka kwenye sentensi ulizozifanyia mazoezi: anapoeleza kiasi kikubwa, anapolia, anapotaja kupigwa nyumbani, anapotakiwa kusaini karatasi, au unapojikuta unakisia. Kujua Kihispania cha kutosha kumsalimia na kumtuliza mama ni jambo la thamani, ila si sawa na kuwa na sifa za kutafsiri, na hospitali nyingi huwapima wafanyakazi wake kabla ya kuwaruhusu kutoa huduma kwa lugha nyingine.

Mume hapana, kwa sababu mama anaweza kuwa anamficha unywaji wake au anamwogopa. Mtoto hapana kabisa. Kifungu cha 1557 cha sheria ya huduma za afya ya mwaka 2010 na kanuni zake kinakataza vituo vinavyopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa katika dharura ambayo mkalimani hapatikani mara moja. Hata kusingekuwa na sheria, fikiria binti wa miaka 11 akimuuliza mama yake kama alilewa.

Mkalimani akiwa kwenye simu au skrini, mtazame mama, si mashine, na useme “Unakunywa nini?” badala ya “Muulize anakunywa nini.”

Ananiuliza kama atanyang'anywa mtoto. Niseme nini?

Usimwahidi chochote. Sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na katika baadhi ya majimbo matumizi ya pombe wakati wa ujauzito yanaweza kusababisha taarifa kupelekwa kwa mamlaka za ulinzi wa watoto. Wengi wa akina mama hawa wana hofu nyingine juu ya hiyo, ya kufukuzwa nchini, nayo ndiyo huwafanya wengine wasirudi kliniki. Swali lao hutoka kwa sauti ya chini: “¿Me van a quitar a mi hijo?” Jibu la haki ni hili: “No quiero prometerle algo que no sé. Voy a llamar a la trabajadora social para que le explique.” Sitaki kukuahidi nisilolijua, nitamwita ofisa wa ustawi wa jamii akueleze. Jifunze sheria ya jimbo lako na utaratibu wa kituo chako kabla swali halijakufika, na ubaki chumbani mpaka ofisa huyo aingie.

Je, kila anayetoka Guatemala au Meksiko huzungumza Kihispania?

La. Wako akina mama ambao lugha yao ni Kimam, Kik'iche' au Kiq'anjob'al cha Guatemala, au Kimisteki na Kisapoteki cha Meksiko, na Kihispania kwao ni lugha ya sokoni. Mama anayeitikia “sí” kwa kila swali, hata lile lisilo la ndiyo au hapana, huenda hajakuelewa. Wenzetu wa Kongo wanalijua jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa wengi wao wamewahi kuletewa mkalimani wa Kiswahili wakati lugha yao ni Kilingala au Kinyarwanda. Uliza mapema: “¿Qué idioma habla en su casa?” Nyumbani kwako unazungumza lugha gani?

Na wakati wa kunyonyesha?

Pombe huingia katika “leche materna”, maziwa ya mama, na kutokunywa ndiyo salama zaidi. Aliyekunywa kinywaji kimoja hushauriwa kusubiri angalau saa 2 kabla ya kunyonyesha. Hapa imani ya pulque na bia ya kuongeza maziwa hurudi tena, basi uwe na jibu lile lile la heshima.

Nianze wapi, na kwa vifaa gani?

Tovuti ya MedlinePlus ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina kurasa kuhusu mada hii kwa Kihispania na kwa Kiingereza, na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, vilevile. Ukizisoma sambamba utapata istilahi sahihi bila kulipa senti. Ila kusoma pekee hakutoshi. Mimi nilinunua daftari dogo linaloingia mfuko wa sare, nikaandika sentensi 10 tu, nyingi zikiwa hizi nilizozitaja, nikamwomba mfanyakazi mwenzangu wa El Salvador azisome kwa sauti huku nikirekodi kwa simu. Nilizisikiliza kwenye basi asubuhi na jioni kwa karibu miezi mitatu. Alinisahihisha “embarazada” mara nyingi, kwa sababu “z” yangu ya Kiswahili ilikataa kuwa “s”. Mtafute mtu wa namna hiyo kazini kwako, anayetoka nchi moja na wagonjwa wako wengi, na uanze naye kwa sentensi mbili: ile ya “Les hago estas preguntas a todas mis pacientes” na ile ya “Usted no sabía.”